Chai ya barafu ya Kithai nyumbani: mbona inatoka nyepesi na maziwa yanakatika?

BintiChuno

Habari za saa hizi wanajukwaa, na shikamooni wakubwa. Nataka kutengeneza ile chai ya Thailand ya rangi ya chungwa, inayonywewa na barafu tele na maziwa yakielea juu. Wenyewe wanaiita cha yen. Niko Mtwara mjini na pakiti ya majani yao sijaikuta madukani, kwa hiyo natumia majani yetu ya kawaida.

Vipimo nilivyotumia: maji lita 1, majani vijiko 3 vya chai, sukari vijiko 6 vya chai. Vyote vimechemka pamoja dakika 15. Nikakamulia ukwaju kidogo, maana nimesoma kwamba kwenye mchanganyiko wao ukwaju umo. Nikachuja, nikamimina ingali ya moto kwenye glasi yenye barafu, nikamalizia na maziwa ya ng'ombe.

Matokeo: ladha ya maji, ukakasi unaong'ang'ania ulimi, rangi ya kahawia iliyopauka, na maziwa yamekatika, yanaelea vipande vipande. Vipimo sahihi ni vipi? Ile rangi wanaitoa wapi? Na maziwa ya kopo nikiyakosa, tui au korosho vinafaa? Kama kuna anayeijua na ile ya pinki wanayopenda watoto, naomba pia.

MpishiLigula

Dada BintiChuno, karibu. Nianze na majani, kwa sababu hapo ndipo glasi yako ilipoharibika kabla hata maziwa hayajaingia. Vijiko 3 vya chai ni kama gramu 7 tu. Hiyo inatosha chai nyepesi ya moto, lakini kinywaji cha barafu na maziwa kinataka chai nzito ambayo ukiionja peke yake utakunja uso.

Kwa glasi 4 kubwa, zile za ml 400, chukua maji ml 800 na majani gramu 30, yaani vijiko 5 vya mezani visivyo na kilima. Majani yetu mengi yanayouzwa madukani, yawe ya Mufindi, Rungwe au Usambara, ni ya punje ndogo zilizosagwa na kuviringishwa kiwandani, kwa hiyo yanatoa rangi na nguvu upesi kuliko majani marefu. Hiyo ni faida kwako. Chemsha maji yenyewe kwanza, epua, ndipo utie majani, funika, hesabu dakika 5. Usiyarudishe motoni. Ule ukakasi umetoka kwenye dakika 15 za kuchemka: nguvu ya chai hutoka mapema, na kinachoendelea kutoka baadaye ni zaidi ule ukali unaokausha ulimi. Ukitaka chai kali ongeza majani, usiongeze muda.

Kuchuja, chujio la waya peke yake halitoshi kwa punje ndogo, vumbi linapita na kukaa chini ya glasi. Tumia kipande cha kitambaa cha marekani nyeupe. Kichemshe kwanza kwenye maji matupu bila sabuni, kwa sababu harufu ya sabuni chai inaibeba yote. Mimina, acha ichuruzike yenyewe. Ukikamua kitambaa kwa nguvu unarudisha ule ukakasi uliokuwa unaukimbia. Wanaouza chai hii Bangkok wanatumia mfuko mrefu wa kitambaa wenye mpini, wanaunyanyua na kuumwagia tena chai ileile mara tatu nne mpaka iive. Nyumbani marudio mawili yanatosha.

Majani yanakunywa maji, utabaki na kama ml 700. Ingali ya moto, tia sukari vijiko 4 vya mezani na maziwa mazito matamu ya kopo vijiko 8 vya mezani, yaani viwili kwa kila glasi. Koroga mpaka usione uzi wowote mweupe chini ya sufuria. Haya maziwa yakiwekwa kwenye chai iliyokwisha kupoa yanazama na kubaki donge, kisha mnywaji anapata glasi chungu juu na tamu chini. Onja: lazima ikuzidi utamu kidogo ikiwa moto. Ubaridi unafifisha utamu mdomoni, na barafu itaongeza maji.

Sasa barafu, na hapa naomba usome polepole. Ulimimina chai ya moto moja kwa moja. Gramu 1 ya barafu ikiyeyuka inakula joto linalotosha kushusha gramu 80 za maji kwa nyuzi 1. Kwa hiyo chai ml 200 yenye nyuzi 80 itayeyusha karibu gramu 200 za barafu ndipo ipoe kabisa. Maana yake nusu ya glasi yako ni maji matupu. Chai hiyohiyo ikishapoa mpaka nyuzi 30, itayeyusha gramu 75 tu. Ikitoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 5, ni kama gramu 12. Ladha ya maji uliyoipata imetoka hapo pamoja na uchache wa majani.

Kwa hiyo weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi dakika 20, halafu friji saa 2. Jaza glasi barafu iliyopondwa mpaka ukingoni, mimina chai, bakiza vidole viwili juu.

ShangaziMikindani

Binti, marahaba. Kaka Ligula ameeleza vizuri habari ya majani, mimi niseme ukwaju na rangi.

Kinachotajwa katika mapishi ya Kithai ni mbegu ya ukwaju, ile kokwa ngumu ya kahawia, wala si nyama yake. Wanaikaanga kavu na kuiponda ndipo inachanganywa na majani, inaleta harufu ya kuungua kidogo kama ya buni. Wewe umetia nyama ya ukwaju, nayo ni asidi. Maziwa yanakatika asidi ikizidi, ni jambo lilelile linalotokea ukikamulia ndimu. Basi kama una kokwa nyumbani baada ya kukamua juisi, zioshe, zikauke juani, zikaange kwenye chungu kikavu mpaka ganda lipasuke, menya, ponda kwenye kinu. Kijiko 1 cha mezani kwa lita 1 kinatosha. Ukizikosa usihangaike, chai haitaharibika.

Viungo vinavyoipa chai hii harufu yake ni ile nyota ya Kichina, ganda la kahawia lenye ncha nane linalonukia kama peremende za kikohozi. Weka 2 nzima kwa maji ml 800. Ongeza iliki 3 zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini urefu wa kidole na vanila nusu kijiko cha chai. Vanila usiikose, watu wengi wakiionja cha yen wanasema ina kitu wasichokijua, na mara nyingi ni hiyo. Karafuu moja tu, ya pili inaigeuza kuwa chai ya maulidi. Tangawizi usitie kabisa. Si kwamba ni mbaya, ila itakuwa chai yetu iliyopoa. Viungo vichemke na maji dakika 5 kabla ya majani, vyenyewe vinahitaji moto.

Rangi: ile chungwa kali haitoki kwenye jani wala kiungo. Ni rangi ya chakula iliyotiwa kwenye pakiti tangu kiwandani. Chai nyeusi nzito ikichanganywa na maziwa mazito inatoa rangi ya kahawia yenye wekundu, kama udongo wa barabara ya Masasi mvua ikinyesha, na hiyo ndiyo rangi ya haki ya chai isiyopakwa. Ukiitaka chungwa, tumia rangi ya biriani ya unga, ncha ya kisu kwa ml 800, iyeyushe kwanza kwenye kijiko cha maji moto. Tia mara moja, tazama, ndipo uongeze. Nakusisitizia hapa binti yangu: sokoni zipo rangi za ukili za kutilia mikeka, nazo zinauzwa kwenye vikaratasi vidogo vinavyofanana na hivi. Hizo si za kuliwa hata chembe. Nunua iliyofungwa na kuandikwa kuwa ni ya chakula, na kama muuzaji anapima kwa kijiko kutoka kwenye kopo lisilo na jina, iache.

MchingaLindi

Hongereni. Naongeza upande wa maziwa, kwani hicho ndicho kinachobeba kinywaji.

Mapishi ya kawaida yana maziwa mawili tofauti. La kwanza ni lile zito tamu, linaingia ndani ya chai. La pili ni maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji bila kutiwa sukari, hayo ni ya kumiminia juu. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana maji mengi, ukimimina juu yanazama na kuchanganyika hapohapo, na kinywaji kinabaki chepesi. Yale ya kopo ni mazito kiasi cha kukaa juu ya barafu, halafu yanashuka taratibu katika nyuzi nyeupe zinazojikunja katikati ya vipande vya barafu. Mimina vijiko 2 vya mezani kwa mgongo wa kijiko, karibu kabisa na barafu. Ukimwaga kutoka juu yanapiga mbizi.

Ukiyakosa madukani, la juu unalipata kwa maziwa ya unga yenye mafuta yake yote: gramu 30 kwa maji ya uvuguvugu ml 100. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa maziwa ya kunywa. Tia unga kidogokidogo huku unapiga kwa uma, chuja, weka friji.

Lile zito tamu lina njia mbili. Ya haraka ni ya blenda: maziwa ya unga kikombe 1, sukari theluthi mbili ya kikombe, maji yanayochemka nusu kikombe kasoro kidogo, siagi kijiko 1 cha mezani. Saga dakika 3 mpaka uking'ata usisikie chenga ya sukari. Likiwa moto linaonekana jepesi, usiongeze unga. Likilala friji usiku mmoja linakuwa zito lenyewe. Ya pili ni ya moto: maziwa lita 1 na sukari gramu 200 kwenye sufuria pana, moto mdogo sana, dakika 50 hadi saa nzima, mpaka yabaki kama ml 400. Sufuria iwe pana kwa sababu maji yanatoka kupitia uso, na nyembamba itakukesha. Kila baada ya dakika chache futa pembeni na mwiko. Utando unaokauka ukutani mwa sufuria ukiuangusha ndani unaleta chenga zisizoyeyuka tena. Kwenye mkaa panga makaa machache na uyafunike majivu. Yakiungua chini, usikwangue. Hamishia ya juu sufuria nyingine, la sivyo harufu ya moshi inaingia yote.

Korosho ndiyo jibu ninalolipenda zaidi, na kwa sisi wa huku ni aibu kuagiza kopo huku korosho vipande zinauzwa kwa bei nafuu kuliko nzima. Chukua gramu 100 za korosho zilizobanguliwa na kumenywa, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Loweka maji moto nusu saa au maji baridi saa 4. Mwaga maji hayo, saga na maji safi ml 250 mpaka laini, chuja kwa kitambaa. Inatoka krimu nyeupe, haina ladha inayopigana na chai, na inakaa juu ya barafu vizuri. Usijaribu kubangua mwenyewe jikoni kwa haraka: mafuta ya ganda yanababua ngozi na yakigusa punje hayafai mdomoni.

Tui nalo linakubali, lakini mimi nalipa nafasi ya tatu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na barafu iko sifuri. Kasimele, yaani tui zito la kwanza, ukilimimina juu ya barafu, baada ya dakika chache unaona chembe nyeupe za mafuta zimeganda kwenye kuta za glasi na kwenye midomo.

MpishiLigula

Mchinga, kwenye tui sikubaliani nawe kabisa. Chembe zinatokea ukitumia kasimele tupu. Changanya kasimele sehemu 1 na maji ya moto sehemu 1, tia chumvi kidogo mno, ncha ya kidole, kisha mimina na ukanywe palepale. Chumvi ile inautoa utamu wa nazi mbele. Kwa meza ya watu watatu wanne linafaa sana. Kwa kuweka friji, hapo nakubali, halifai.

BintiChuno

Nashukuru sana, nimeelewa kosa la ukwaju na la moto. Nimebakiwa na mambo matatu. Kuna shughuli ya watu 20, vipimo vinakwendaje? Pili, maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, yanafaa? Tatu, barafu: friji ya nyumbani haitoshi, na umeme ukikatika je? Karibu na soko la samaki kuna barafu za mapande makubwa, nilikuwa naziwazia.

KibaridiChikongola

Bibie, za mapande ya samaki ziache. Zinatengenezwa kwa kupoza mzigo, si kunywewa, na hujui maji yake wala sakafu zilikoburutwa. Kinywaji hiki hakichemshwi tena baada ya barafu kuingia, kwa hiyo uchafu wa barafu unaingia tumboni kama ulivyo.

Tengeneza yako siku mbili kabla. Chemsha maji, yapoe yakiwa yamefunikwa, jaza vifuko vya nusu lita robo tatu tu kwani maji yakiganda yanatanuka na kupasua kifuko. Kwa glasi 20 unahitaji barafu gramu 200 kila moja, yaani kilo 4. Gandisha kilo 6, maana nyingine itayeyuka njiani na nyingine itapotea ukiponda. Friji ikiwa ndogo, gandisha kwa awamu na uzirundike pamoja. Umeme ukikatika usifungue mlango. Ukitaka kuzitoa, weka kwenye kasha la kupozea, zijae mpaka juu pasibaki nafasi ya hewa, na maji yanayoyeyuka yatoke kwa chini. Kasha ukilikosa, ndoo yenye kifuniko ndani ya gunia lililojaa maranda ya mbao makavu, hiyo itakufikisha jioni. Ponda mwisho kabisa, kifuko ndani ya taulo safi, gonga kwa mchi. Zisiwe unga. Unga unayeyuka kabla mgeni hajaketi. Ukubwa wa punje ya korosho unatosha.

Maji ya kisima chenye chumvi yataiua chai. Madini yake yanaifanya rangi kuwa nyeusi iliyofifia na juu panatanda utando kama wa mafuta unaopasuka ukiugusa na kijiko. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa au ya dukani, kwa chai na kwa barafu pia.

Vipimo vya 20: maji lita 4, majani gramu 150, sukari gramu 250, maziwa mazito matamu makopo 2 ya gramu 397, maziwa ya juu ml 600, nyota za Kichina 8. Usizidishe nyota mara tano kama vingine, kwenye sufuria kubwa harufu yake inapanda haraka. Majani yafunge kwenye vifurushi vitatu vya kitambaa badala ya kimoja, kwani kifurushi kikubwa katikati hakilowani sawasawa. Chai yenye viungo na sukari, bila maziwa, inakaa friji siku 3. Maziwa mazito yachanganye asubuhi ya shughuli: pasha moto lita moja tu ya chai hiyo, yayeyushie humo, kisha rudisha kwenye iliyobaki. Ikishakuwa na maziwa, imalizike siku hiyohiyo, na kwa joto letu isikae nje ya baridi zaidi ya saa 2.

ShangaziMikindani

Ile ya pinki niliisahau. Jina lake nom yen, maziwa baridi, na haina chai ndani. Thailand wanatumia sharubati nyekundu ya tunda liitwalo sala, lenye ganda la magamba kama la nyoka. Sisi tunayo sharubati ya waridi, ile inayotafutwa Ramadhani, na inakwenda vizuri. Glasi moja: sharubati vijiko 2 vya mezani, maziwa mazito matamu kijiko 1, koroga viwili hivyo kwanza mpaka viwe rangi moja, ndipo utie maziwa baridi yaliyochemshwa ml 200 na barafu nusu glasi. Barafu isizidi hapo, maziwa hayana ukali wa chai wa kuyabeba maji mengi.

Na usidanganyike na wekundu wa rozela. Juisi yake ni chachu kama ukwaju, maziwa yatakatika vilevile. Ukitaka rozela, inywewe peke yake na barafu, au fanya cha manao: chai hiyohiyo nzito ya Kithai bila maziwa, sukari vijiko 2, ndimu nusu kwa glasi. Ukiikamulia ndimu utaiona inageuka kutoka kahawia na kuwa rangi ya asali hapohapo mbele ya macho.

BintiChuno

Swali la mwisho shangazi: ndimu niikamue chai ikiwa moto au baridi?

ShangaziMikindani

Baridi, na barafu zikiwa zimeshaingia. Kwenye moto harufu ya ndimu inapotea. Na uichuje, kokwa moja ikikaa ndani robo saa inaleta uchungu.